Ndege wa Fayum Aachwe Bila Ukoo

Mazungumzo ya leo yanamhusu ndege aliyetoweka duniani zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, na ambaye hadi sasa wataalamu hawajakubaliana ni wa ukoo gani. Jina lake la kisayansi ni Eremopezus eocaenus. Makazi yake yalikuwa Fayum, kusini-magharibi mwa Kairo, katika nchi ya Misri. Alikuwa ndege mkubwa sana, wa kulinganishwa na emu wa Australia au rea wa Amerika Kusini, na inaelekea hakuruka. Mabaki yake tuliyo nayo ni mifupa michache ya mguu. Fuvu halijapatikana, wala bawa, wala kidari. Nina hoja moja ya kuitetea juu yake. Nasema kwamba kumwacha ndege huyu bila ukoo, na kuandika waziwazi kando ya jina lake kuwa nafasi yake haijathibitika, ni matokeo kamili ya utafiti, yenye hadhi sawa na jibu jingine lolote la kisayansi. Tena nadai kwamba pale mtaalamu alipokataa kumwacha hivyo na kumtafutia jamaa kwa nguvu, alilipatia bara la Afrika sura nzima ya historia ambayo ushahidi haukuwahi kuibeba.

Kwanza tuitazame nchi aliyoishi. Ukifika leo kaskazini mwa ziwa Qarun utaona jangwa tupu na magenge ya mawe yaliyopangana tabaka juu ya tabaka, na moja ya tabaka hizo ndiyo inayoitwa Jebel Qatrani. Mchanga huo, kati ya miaka milioni 36 na 33 iliyopita, ulikuwa tope la mito mikubwa iliyokuwa ikimwagika baharini, na kandokando yake palikuwa na misitu ya joto na vinamasi. Afrika na Arabia zilikuwa bara moja, limezungukwa na maji pande zote, na bahari ilifunika sehemu kubwa ya Misri ya kaskazini. Wanyama wake walikuwa wa kipekee. Palikuwa na Arsinoitherium, mnyama mwenye umbo la kifaru na pembe mbili nene zilizosimama sambamba juu ya pua. Palikuwa na jamaa wa kale wa tembo, na nyani wadogo ambao wanatusaidia kuelewa asili ya nyani wa leo na yetu sisi. Kuhusu ndege, mwaka 1987 Tab Rasmussen, Storrs Olson na Elwyn Simons walichapisha maelezo ya visukuku vingi kutoka Jebel Qatrani, vingi vyao vikiwa vya tabaka za juu, changa kidogo kuliko zile za Eremopezus. Walikuta jamaa wa heroe, wa mnandi, wa korongo, wa tai wala samaki, na wa wale ndege wenye vidole virefu watembeao juu ya majani ya yungiyungi. Walipotafuta mahali duniani leo ambapo mkusanyiko wa ndege kama huo unaweza kuonekana pamoja, mfano wa karibu kabisa waliouona ulikuwa Uganda, katika vinamasi vya kaskazini na magharibi mwa ziwa Viktoria. Basi msikilizaji aliye Entebbe au Masaka anayo picha ya Fayum ya kale karibu na mlango wake, pengine bora kuliko ya mkazi wa Fayum yenyewe.

Sasa tumrudie ndege wetu. Mwaka 1904, Charles William Andrews wa jumba la makumbusho la Uingereza, mtu aliyekuwa ameshafanya kazi kubwa juu ya wanyama wa Fayum, alieleza kipande kimoja cha mfupa: ncha ya chini ya muundi. Kwa kipande hicho alitoa jina, na akasema kuwa huyu ni ndege wa kundi la mbuni na wenzake wasioruka. Natamani tuangalie vizuri mahali maelezo hayo yalipotokea. Andrews hakuyatoa peke yake. Aliyaweka kama nyongeza mwishoni mwa makala iliyohusu nyonga na miguu ya Mullerornis, mmoja wa wale ndege-tembo wakubwa wa Madagaska ambao sasa wametoweka. Maana yake ni kwamba mezani pake, wakati huohuo, palikuwa na mifupa ya Madagaska. Simlaumu hata kidogo. Mtaalamu hulinganisha kigeni na kile anachokifahamu, na Andrews alikuwa mmoja wa watu waliowafahamu ndege-tembo vizuri kuliko wengine wote. Nasema tu kwamba njia ya fikra ilichongwa siku hiyo, na waliomfuata waliipita bila kuuliza nani aliichonga.

Aliyeipita mpaka mwisho ni Kálmán Lambrecht, mtaalamu wa Hungaria aliyekuwa bingwa wa visukuku vya ndege katika zama zake. Mwaka 1929 alieleza mfupa mwingine wa Fayum, wa sehemu ya mguu iliyo kati ya kifundo na vidole, kutoka katika makusanyo yanayohusiana na safari za Ernst Stromer wa Ujerumani, akauita Stromeria fajumensis. Jina la makala yake lilitangaza hukumu kabla msomaji hajafungua ukurasa: kwamba huyu ndiye mzazi wa ndege-tembo, aliyeishi bara. Hebu pima hatua hiyo. Mwaka 1904 tuna ncha ya muundi na kauli ya jumla kwamba ndege huyu ni wa upande wa mbuni. Miaka 25 baadaye tuna kipande kimoja zaidi cha mguu, na tayari tumeshapata babu, wajukuu, na njia ya kutoka Misri hadi Madagaska. Ushahidi uliongezeka kwa kiasi cha kutoshea kiganjani, ilhali madai yaliongezeka kwa ukubwa wa bara na kisiwa. Baadaye wataalamu waliona kwamba Stromeria na Eremopezus yaelekea ni ndege mmoja mwenye majina mawili.

Ukishakubali kwamba babu wa ndege-tembo aliishi Fayum, mengine yanajileta yenyewe. Lazima ueleze alivyofika Madagaska. Kisiwa hicho kilijitenga na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na mlango wa bahari wa Msumbiji, hata pale ulipo mwembamba, una upana wa kilomita zipatazo 400. Ndege mzito asiyeruka, aliyekuwa hai miaka milioni 35 iliyopita, hangeweza kuupita kwa miguu. Kwa hiyo utalazimika kubuni daraja la nchi kavu lililozama, au kurudisha asili ya ukoo huo nyuma mno, enzi za dinosauri, bila kisukuku hata kimoja cha kukuunga mkono. Hivyo ndivyo uainishaji wa haraka unavyofanya kazi. Haukai kimya kwenye kabati la makumbusho. Unadai maelezo, na maelezo nayo yanadai maelezo mengine, mpaka anayekuja mwisho anaona mlundikano mkubwa wa nadharia na kudhani kwamba chini yake lazima pana msingi imara.

Mambo mawili yaliutikisa msingi huo. La kwanza ni mifupa mipya. Mwaka 2001, Rasmussen na Simons pamoja na wenzao wawili walieleza mifupa zaidi ya miguu ya Eremopezus kutoka Fayum. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuutazama mguu huo kama chombo kilichofanya kazi, na haukuwa mguu wa mbuni. Mbuni amebaki na vidole viwili tu, na mguu wake wote umeundwa kwa ajili ya mbio. Maungio ya vidole vya Eremopezus yanaonyesha mguu ambao vidole vyake viliweza kutanuka na kusogea kwa wepesi. Waandishi hao waliona kwamba miongoni mwa ndege walio hai wenye mguu wa kulinganishwa na huo wamo wawili wa Afrika: karani tamba, yule mwenye miguu mirefu anayetembea nyikani akikanyaga nyoka na panzi, na korongo nyangumi, yule mwenye mdomo mpana kama kiatu anayesimama kwenye mafunjo. Hawakusema Eremopezus ni babu wa yeyote kati yao. Walisema undugu na ndege-tembo hauonekani, na kwamba huenda tuna mbele yetu ukoo wa Kiafrika uliojikuza wenyewe wakati bara lilipokuwa limezungukwa na bahari, kisha ukafa bila kuacha mrithi.

La pili halikumgusa Eremopezus mwenyewe, lakini liliondoa sababu kubwa ya kumhitaji. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na watafiti wa chuo kikuu cha Adelaide, Australia, ilichapisha matokeo ya kusoma vinasaba vilivyosalia katika mifupa ya ndege-tembo. Ndugu wa karibu zaidi wa majitu yale ya Madagaska alikuwa kiwi, ndege mdogo wa New Zealand anayelingana na kuku. Madagaska na New Zealand hazikuwahi kupakana kwa namna ambayo ingewafaa watembeaji hao. Maelezo yaliyobaki ni kwamba wazazi wao waliruka, wakatua mbalimbali, na kila tawi likaacha kuruka kwa wakati wake na mahali pake. Kama ni hivyo, kutafuta babu mzito asiyeruka katika bara la Afrika ni kumtafuta mtu ambaye hadithi yenyewe haimhitaji tena.

Hapa ndipo moyo wa hoja yangu ulipo, nami naomba subira yako kidogo. Kwa nini mguu ulimdanganya bingwa kama Lambrecht? Kwa sababu mguu ni mtumishi wa maisha ya siku hizi kuliko kuwa mtunza kumbukumbu za mababu. Ndege akiacha kuruka na mwili wake ukawa mzito, mifupa ya miguu hunenepa, awe wa ukoo gani. Akiishi kwenye tope, vidole hurefuka na kutanuka. Akikimbia uwandani, vidole hupungua. Kwa hiyo ndege wawili wasio na undugu wowote wa karibu wanaweza kufanana miguu kwa kuwa tu walifanya kazi moja, na ndugu wa damu wakatofautiana kwa kuwa kila mmoja alishika njia yake, kama kiwi na ndege-tembo. Jambo hili haliishii kwa visukuku. Korongo nyangumi, ambaye tunaye hai katika kinamasi cha Mabamba huko Uganda na katika ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi magharibi mwa Tanzania, na ambaye wataalamu wamempima kila mfupa, aliwasumbua kwa zaidi ya karne moja. Wengine walimweka na makorongo, wengine na koikoi. Vinasaba vimemkalisha karibu na mwari, pamoja na fundichuma yule mjenzi wa viota vikubwa mitini. Kozi naye, aliyehesabiwa siku zote kuwa ndugu mdogo wa tai kwa sababu ya kucha na mdomo wake, ameonekana tangu tafiti za mwaka 2008 kuwa karibu zaidi na kasuku. Ikiwa ndege aliye hai, mwenye ngozi, manyoya, sauti na damu, anaweza kuwekwa pasipo pake kwa zaidi ya miaka mia, je, tunapata wapi ujasiri wa kutoa hukumu kwa vipande vya mguu vya miaka milioni 35?

Wapo watakaonijibu kwamba sayansi haiendi mbele bila kukisia, na kwamba kosa la Lambrecht ndilo lililowachochea wengine kutafuta mifupa zaidi. Nakubali nusu ya jibu hilo. Kukisia ni haki na ni wajibu. Tofauti yangu nao iko kwenye mahali pa kuliandika kisio. Ukiliandika katika mjadala wa makala, msomaji analiona kuwa kisio na anaweza kulipima. Ukiliandika katika jina la ukoo, linaingia katika orodha, orodha inaingia katika vitabu vya kufundishia, na mwanafunzi wa miaka 50 baadaye anaikuta kauli ikiwa haina tena alama ya shaka iliyozaliwa nayo. Andrews mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi kuliko waliokuja baada yake. Uangalifu wake ndio uliopotea njiani, kwa sababu uainishaji hauna nafasi ya kubeba neno «huenda» isipokuwa tukiitengeneza nafasi hiyo kwa makusudi.

Wengine watasema kwamba leo tuna kompyuta na mbinu za kulinganisha mamia ya sifa za mifupa kwa wakati mmoja, hivyo tatizo la zama za Lambrecht limekwisha. Mbinu hizo ni nzuri na zimerekebisha mengi. Lakini kompyuta hulinganisha kile inachopewa. Katika jedwali la sifa mia kadhaa za mifupa ya ndege, Eremopezus atajaza zile za mguu tu, na sehemu kubwa ya safu yake itakuwa tupu. Programu itampa mahali, kwa kuwa imeandikwa kutoa jibu, na mahali hapo patatokana na zilezile sifa za mguu ambazo tumeshaona zinavyofuata kazi kuliko ukoo. Vinasaba navyo havitatuokoa. Vinasaba vya kale zaidi vilivyowahi kusomwa, vya Greenland, vilivyotangazwa mwaka 2022, vina umri wa miaka milioni 2 hivi. Kutoka hapo hadi Fayum pana pengo la zaidi ya miaka milioni 30.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito zaidi linatoka kwa watu wenye nia njema. Wanasema: mkikiri hadharani kwamba hamjui, mnawapa nguvu wale wanaodai kwamba elimu yote ya visukuku ni ubunifu. Hofu hiyo naielewa, ila naiona imegeuka kichwa chini. Kinachovunja imani ya watu ni kauli ya uhakika inayofutwa baada ya miaka michache. Juu ya Eremopezus kuna mengi tunayoyajua bila wasiwasi: kwamba alikuwa ndege, kwamba alikuwa mkubwa na mtembeaji, kwamba aliishi kando ya mito ya Misri kabla ya nyani wengi maarufu wa Fayum kutokea, kwamba hakuwa na mguu wa mbuni. Kutojua ukoo wake hakuyapunguzii mambo hayo uzito wowote. Kinyume chake, yule anayeonyesha mpaka wa ujuzi wake kwa usahihi ndiye anayestahili kuaminiwa kwa yale yaliyo ndani ya mpaka. Tumeona yanayotokea mpaka huo ukipuuzwa. Katika Texas, Sankar Chatterjee alitangaza katika miaka ya 1980 kiumbe aliyemwita Protoavis, akidai ni ndege aliyemtangulia Archaeopteryx, aliyehesabiwa kuwa ndege wa kale kuliko wote, kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Mifupa ilikuwa imevunjika na kutawanyika, na wataalamu wengi waliona kwamba yaelekea ni ya wanyama zaidi ya mmoja iliyounganishwa pamoja. Hadi leo watu wasio wataalamu wanalitumia jina la Protoavis kuishambulia elimu nzima ya asili ya ndege.

Na lazima niigeuze hoja hii upande wetu pia, maana ni rahisi kuitumia kwa Mhungaria wa mwaka 1929 tu. Undugu wa Eremopezus na korongo nyangumi unavutia sana kwa mtu wa Afrika Mashariki. Korongo nyangumi amebaki peke yake katika ukoo wake duniani kote, anaishi barani Afrika tu, na jamaa zake walikuwepo Fayum: Goliathia andrewsi, aliyepewa jina na Lambrecht huyohuyo mwaka 1930, anahesabiwa sasa katika ukoo wa korongo nyangumi. Ingependeza kusema kwamba jitu la Fayum lilikuwa binamu yake aliyeacha kuruka. Ningefurahi kulisoma hilo likiwa limethibitishwa. Lakini msingi wake leo ni uleule, umbo la mguu, na tumeshaukataa ulipotumika kumfanya babu wa ndege-tembo. Hatuwezi kuukubali sasa kwa sababu tu unatupendeza. Karani tamba ana mguu unaofanana naye vilevile, na karani tamba na korongo nyangumi si ndugu wa karibu. Hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba mguu huu unaweza kupatikana kwa njia zaidi ya moja.

Anaweza kuuliza mtu, kama hatujui ukoo wake, kwa nini basi tumpe jina? Kwa sababu jina la spishi linahifadhi mfupa, halihitaji kutaja wazazi. Jina Eremopezus limewawezesha watu wa mwaka 1904, 1929 na 2001 kuzungumza juu ya kitu kimoja huku wakibishana juu ya asili yake. Bila jina, kila mfupa mpya ungeanza safari yake upya. Walter Rothschild, mwaka 1911, alimtengea kundi lake mwenyewe, na kwa maoni yangu uamuzi huo, ambao huonekana kama kukwepa swali, umestahimili wakati kuliko ule wa Lambrecht.

Kinachohitajika kulifunga swali hili kinajulikana. Tangu Thomas Huxley alipoainisha ndege kwa kaakaa mwaka 1867, imeeleweka kwamba mbuni, kiwi, emu na jamaa zao wana mpangilio wa mifupa ya kaakaa unaowatofautisha na ndege wengine wote walio hai, na kaakaa haliathiriwi sana na iwapo ndege anakimbia au anakanyaga tope. Fuvu moja la Eremopezus, hata likiwa limepondeka, mradi kaakaa linasomeka, lingesema kama yumo katika kundi hilo au la. Mfupa wa kidari ungeongeza mengine: kama una ule ukingo unaoshika misuli ya kurukia, au umebaki bapa kama wa mbuni. Siku hizi wanaochimba Fayum wamo Wamisri wenyewe, kikiwamo kituo cha visukuku cha chuo kikuu cha Mansoura kilichoasisiwa na Hesham Sallam, na tayari wameshaeleza nyangumi wa kale na wanyama wengine ambao wageni wa karne iliyopita hawakuwaona. Mifupa ya ndege ni myembamba na husagika haraka, hivyo inahitaji mchimbaji anayepiga magoti na kuchekecha mchanga kwa wavu mdogo hata pale anapotafuta mnyama mkubwa. Mpaka kipande hicho cha kaakaa kipatikane, orodha inayosema «ukoo haujathibitika» ndiyo orodha sahihi, na mwalimu anayeisoma mbele ya wanafunzi wake aisome hivyohivyo, bila kuomba radhi.